Brosheti Saba

Brosheti saba. Mkwe wetu, baba wa bwana arusi, alizihesabu kwa sauti, kidole kikielekea televisheni, mbele ya watu zaidi ya ishirini waliobanana sebuleni kwa dada yangu hapa Nyalukemba, Bukavu. Kila alipotaja namba alinigeukia kidogo, kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi ya kukiri mwenyewe. Ya nne ilikuwa ya mbuzi, yenye kitunguu pembeni. Ya sita ilionekana wazi hata mtoto mmoja akanyoosha mkono kuigusa kwenye kioo. Ya saba nilikuwa nimeisahau kabisa, na ningeisahau milele kama si kamera iliyokuwa imefungwa juu ya kichwa changu mwenyewe.

Hiyo ni juzi, Jumapili jioni. Siku nne kabla yake ni mimi niliyetuma ujumbe kwa wakwe kulalamika kwamba siku ya sherehe sisi wa upande wa bibi arusi tulikaa kama wageni wa matanga: soda moja moja, na nyama tuliiona ikipita tu. Nilikuwa natimiza wajibu. Mjomba asipolalamika baada ya arusi, watu hudhani msichana aliokotwa.

Kamera ilitoka Ubelgiji. Mpwa wangu anayeishi Liège ana mchezo wa siku za mapumziko unaoitwa airsoft. Watu wazima, wenye kazi na watoto, huvaa mavazi ya kijeshi, huingia msituni au katika kiwanda kilichoachwa, na kupigana kwa bunduki za mfano zinazotema vidonge vya plastiki vya milimita 6. Ulianzia Japani miaka ya 1970, kwa sababu raia wa kule hapati bunduki ya kweli kirahisi, basi waliozipenda wakatengenezewa za bandia. Kidonge cha gramu 0.20 kikitoka kwa nishati ya juli moja hukimbia mita 100 kwa sekunde. Kinauma, lakini huendi nacho kaburini. Kioo cha kamera ndicho kisichokivumilia, na wachezaji hukikinga kwa kipande cha plastiki ngumu.

Kidonge hicho hakibebi rangi, hakiachi alama kwenye nguo. Kwa hiyo mchezo mzima unategemea uungwana: aliyepigwa huinua mkono, hukiri kwa sauti kwamba amepigwa, na hutoka uwanjani. Na kwa kuwa binadamu ni binadamu hata Ubelgiji, wapo wanaopigwa mara tatu wakaendelea kukimbia kama hawakusikia kitu. Ndipo kamera zikaingia. Watu huzifunga ili wapate filamu nzuri, ndiyo, lakini pia ili jioni, vinywaji vikiwa mezani, mwongo aonyeshwe dakika na sekunde aliyopigwa. Mpwa wangu alinieleza haya kwa simu na nikacheka sana.

Sasa, mahali pa kuifunga. Hapa naomba subira, kwa sababu ni jambo tamu kuliko nilivyodhani. Nick Woodman, Mmarekani aliyeanzisha GoPro, alikwenda Australia na Indonesia mwaka 2002 kuteleza juu ya mawimbi, na kilichomhangaisha hakikuwa kamera. Kilikuwa mkanda: namna ya kuifunga kamera kwenye kifundo cha mkono isimezwe na bahari. Kamera ya kwanza aliyouza, mwaka 2004, ilikuwa bado ya filamu ya milimita 35. Yaani biashara yote ile ilianza kama kamba. Nililisoma hilo usiku wa kuamkia arusi, nikasema ajabu, nikazima taa.

Ukifunga kamera kifuani, inaona mikono yako na mgongo wa aliye mbele. Ukiifunga juu ya bunduki, inamwona adui. Ukiifunga kichwani inaona unachokitazama wewe, na hakuna karatasi ya maelekezo inayokuonya maana ya hilo kwa mtu mwenye heshima zake.

Halafu kuna lenzi. Kamera nyingi za kujifunga mwilini zina lenzi pana: inameza mbingu na ardhi, mwenye kamera na viatu vyake, lakini kilicho mbali hugeuka mdudu. Mchezaji amempata mwenzake umbali wa mita 40, anafika nyumbani kutazama, anaona msitu mzima na sisimizi mmoja. Ndiyo maana ikabuniwa kamera ya bomba, nyeusi, mfano wa tochi, yenye lenzi nyembamba, ya kukaa juu ya bunduki pale panapokaa darubini. Ukitaka kujua inaonaje, kunja gazeti liwe bomba, fumba jicho moja, uchungulie huku ukitembea kati ya viti. Mpwa wangu alikuwa amejinunulia mpya, akanipa ile ya zamani kwa mkono wa msafiri. Ndani ya kasha aliacha kibano cha chuma cha kushika reli ya bunduki. Sina bunduki. Nilikuwa na dada anayeoza binti, na mpiga picha aliyedai dola 200. Nikasimama katikati ya kikao cha familia nikasema, pesa hiyo wekeni kwenye vinywaji, picha niachieni mimi.

Hesabu yenyewe si ngumu, nilichelewa tu kuifanya. Kichwa kikitikisika nyuzi 5, lenzi inayoona nyuzi 120 haishtuki. Picha imesogea sehemu moja ya 24. Lenzi inayoona nyuzi 15 imeshapoteza theluthi ya picha. Bunduki hutulizwa na bega. Kichwa changu, juu ya pikipiki, katika barabara zetu, kilikuwa kinatulizwa na nini?

Tena lenzi hii haijitafutii umbali. Unaizungusha kwa vidole kama kizibo cha chupa mpaka kitu kionekane vizuri, halafu unakaza. Kazi hiyo niliifanya Ijumaa usiku mezani. Mbele ya pua yangu palikuwa na kalenda ya parokia. Nikaizungusha lenzi mpaka nikasoma watakatifu wa mwezi mzima, mmoja baada ya mwingine, bila ukungu. Nikakaza, nikatia na gundi. Kile kibano cha bunduki kilikataa kushika kaske, kofia ngumu ya motari aliyenibeba kwa pikipiki yake, kwa sababu kaske ni ya duara na kibano kinataka reli. Nikatumia ukanda wa mpira wa ndani ya tairi, ule unaofunga kila kitu katika nchi hii, kuanzia mizigo ya wasafiri hadi milango ya magari.

Katika misafara ya arusi mpiga picha hukaa nyuma ya pikipiki akimpa motari mgongo, uso wake ukitazama gari la maharusi linalomfuata, mkono mmoja umeshika kamera na wa pili umemshika Mungu. Mimi nilikaa kama abiria. Nilijiambia nitageuza shingo tu. Na niligeuza. Lakini shingo ya mtu wa miaka hamsini na kitu hugeuka sekunde nne, halafu inarudi kwao.

Kwa hiyo kutoka Nyawera mpaka Nguba, honi zikilia, akina mama wakipiga vigelegele, tuna filamu ya shingo ya motari. Kaske ilikuwa moja na alinipa mimi, basi shingo yake ilikuwa wazi, na ilikaa umbali uleule wa kalenda ya parokia. Mikunjo mitatu. Kovu dogo lenye umbo la kunde. Mstari wa kinyozi ulioanza vizuri sikio la kushoto ukapinda vibaya kabla ya kufika la kulia. Sijawahi kuona picha safi namna ile. Bibi arusi, katika zile sekunde nne nne, ni wingu jeupe ndani ya wingu jeusi.

Na nyumba za pembeni zilikuwa zinacheza. Hilo nalo lina sababu yake. Kamera hizi hazichukui picha kwa mkupuo. Zinasoma mstari kwa mstari, juu kushuka chini, kama mtu na gazeti lake. Kabla haijafika mstari wa mwisho pikipiki imeshaingia shimoni na kutoka. Paa limechukuliwa kabla ya shimo, madirisha yakiwa shimoni, mlango baada ya shimo. Ukiviunganisha, nyumba inakata kiuno. Jumapili, jenereta ya jirani ikinguruma nje, nilivutiwa na jambo hili kiasi kwamba nilichukua rimoti, nikasimamisha filamu, nikawaeleza wakwe vizuri kabisa, mstari kwa mstari. Walisikiliza kwa adabu. Mkwe wetu akaniomba ile rimoti aiangalie.

Ni mimi niliyemfundisha kusimamisha.

Ukumbini sikuivua kaske. Kuifunga ile kamera kulikuwa kumenichukua dakika 40, na isitoshe watoto walikuwa wananifuata kwa heshima ambayo sijaipata tangu nizaliwe. Nilikula nayo kichwani. Lenzi nyembamba haina cha kujificha pembeni. Padri alipobariki meza, filamu inaonyesha sahani inayokuja. Baba wa bwana arusi alipoishukuru familia yetu kwa maneno ambayo baadaye niliambiwa yalikuwa mazuri sana, filamu inaonyesha mkono wa kijana wa kugawa nyama, kutoka kulia kwenda kushoto, na brosheti zikiwa safi mithili ya watakatifu wa kalenda. Sauti nayo ni ya kutafuna, maana kipaza sauti kilikuwa karibu na taya langu kuliko na mtu mwingine yeyote.

“Simamisha pale,” alisema mkwe wetu, ingawa rimoti alikuwa nayo mwenyewe. “Mjomba, na hii ya tano iko ya nani?”

Alipofika ya saba niliinua mkono, nikatoka nje, nikakaa na jenereta.

Kuna kipande ambacho hawakukiona, kwa sababu betri ilikuwa imekwisha. Siku ya arusi tulirudi usiku. Njiani vijana wawili wenye bunduki walitusimamisha, tochi ikatua juu ya paji la uso wangu, pale lilipokaa lile bomba jeusi.

“Iko nini pa kichwa?”

“Kamera, mwanangu.”

“Inapiga?”

Nikajibu kabla ya kufikiri. “Inapiga picha tu.” Lugha yetu ina makosa yake: picha tunaipiga, simu tunaipiga, na mtu tunampiga. Hakucheka. Tuliambiwa tuzime pikipiki, tukae chini penye matope, mimi katika suti ya arusi. Mmoja alichungulia bomba upande usio wake. Wa pili alikuta mfukoni mwangu karatasi ya maelekezo, na ukurasa wa kwanza wa karatasi ile ni mchoro wa bunduki, na juu ya bunduki kuna kitu kama hiki nilichokivaa. Nilieleza airsoft. Jaribu siku moja kueleza airsoft usiku, umekaa matopeni, kwa mtu ambaye bunduki yake si ya mfano: kwamba kuna nchi watu hulipa pesa waogopeshwe kwa saa mbili, halafu wanakunywa pamoja. Alinitazama kama namtukana. Waliondoka na dola 20 zangu na soda mbili za sherehe, kamera wakaniachia kwa kuona haina faida.

Simchukii mpwa wangu kwa mchezo wake. Lakini tangu usiku ule kitu kimenikaa kooni. Mji huu umeona bunduki za kweli 1964, 1967, 1996, 1998, 2004, na Februari 2025 tena, na hakuna aliyetuuliza kama tunataka kucheza. Msafara wetu wa arusi ulianzia Nyawera, hapo hapo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alipouawa tarehe 29 Oktoba 1996. Tulipita tukipiga honi, kama tunavyopita kila siku. Kwa wale wa Ubelgiji aliyepigwa ndiye anayeinua mkono. Sisi tungeridhika hata aliyepiga akiinua. Kamera ya kumwumbua mwongo imefika Bukavu hatimaye, na imemkamata nani? Mimi, na nyama ya mbuzi.

Jana nimeifunga kwenye baiskeli ya kijana wa jirani. Imeshuka naye hadi mferejini. Nimeifunga kwenye mtumbwi wa mvuvi. Tuna saa nzima ya kamba.

Aliyefurahi ni mmoja tu. Leo asubuhi motari alikuja na simu yake, akaomba ile filamu yote, dakika 38. Nilidhani anataka kumbukumbu ya siku. Aliitazama akiwa amesimama mlangoni, akaisogeza mbele, akaisimamisha, akaikuza kwa vidole viwili pale mstari unapopinda kuelekea sikio la kulia. Hakusema kitu. Alipanda pikipiki, akageuza, akaenda kumtafuta kinyozi.