Mwongozo wa Promota Anayetaka Pesa na Usingizi

Promota, unataka kujaza ukumbi, kuuza haki za matangazo na kuhesabu noti mpaka kidole gumba kiote sugu. Hakuna ubaya. Bondia naye anataka kula, na bila wewe hana pa kupigania. Ila anayepanda ulingoni ni mtoto wa watu, na ujira wake anaulipia kwa kichwa chake. Basi fuata hatua hizi, na usiruke hata moja.

1. Pindua bajeti yako
Bajeti ya pambano kwa kawaida huanza na mabango, taa, moshi wa jukwaani, msanii wa kutumbuiza na mkanda unaong'aa. Daktari hukaa mstari wa mwisho, kwa penseli, tayari kufutwa. Mpandishe juu kabisa na umwandike kwa wino. Mashine ya moshi na mtungi wa oksijeni vyote hutoa hewa, lakini ni kimoja tu kinachoweza kumrudisha mtu aliyezimia.

2. Kajifunze hesabu London
Tarehe 21 Septemba 1991, bondia Michael Watson alianguka huko London baada ya kupigana na Chris Eubank. Madaktari walikuwapo uwanjani, lakini matibabu ya kumfufua hayakuanza palepale ulingoni. Hospitali ya kwanza aliyopelekwa haikuwa na idara ya upasuaji wa ubongo, ikabidi ahamishiwe nyingine. Alikaa siku 40 bila fahamu. Aliishtaki bodi ya ngumi ya Uingereza, akashinda, na bodi ikauza makao yake makuu ya London ili kumlipa fidia ya pauni 400,000. Vifaa na wataalamu wa usiku mmoja wangegharimu kiasi gani? Rahisi ni ghali, promota. Kabla ya kuuza tiketi ya kwanza, jua ni hospitali gani ina daktari wa ubongo aliye zamu usiku huo, na gari la wagonjwa likae mlangoni, injini ikiwa tayari.

3. Teksi iache ibebe watazamaji
Novemba 2013, bondia Magomed Abdusalamov alimaliza raundi 10 dhidi ya Mike Perez mjini New York, pua ikiwa imevunjika na kichwa kikimuuma. Alikwenda hospitali kwa teksi. Damu ilikuwa ikivuja kwenye ubongo. Hakupona tena kikamilifu. Mwaka 2017 jimbo la New York lilikubali kuilipa familia yake dola milioni 22. Kwa hiyo bondia akikwambia kichwa kinauma, usimpe dawa ya maumivu na pole. Mpakize kwenye gari la wagonjwa, hata kama ndiye aliyeshinda na wapiga picha wanamsubiri.

4. Usimkaushe mtu kama dagaa
Kupunguza uzito kwa kujinyima maji ni hatari kabla hata ngumi ya kwanza haijarushwa. Yang Jian Bing, kijana wa miaka 21 kutoka China, alifariki Manila Desemba 2015 akijikausha ili afikie uzito. Kampuni iliyoandaa pambano lake, ONE Championship, ikapiga marufuku mtindo huo, ikaanza kupima mkojo kujua kama mpiganaji ana maji mwilini. Kampuni haikufa. Panga mapambano kwa uzito ambao watu wanatembea nao.

5. Usiogope kupunguza
Bondia Duk Koo Kim alipofariki mwaka 1982 baada ya kuangushwa raundi ya 14 na Ray Mancini, baraza la ngumi la dunia, WBC, lilishusha mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12, na wengine wakafuata. Biashara ikadorora? Mwaka 2015 Mayweather na Pacquiao walipigana raundi 12, na zaidi ya nyumba milioni 4 zikanunua pambano hilo kwenye televisheni. Hakuna aliyedai arudishiwe raundi 3.

6. Mtafutie nyota wako mpinzani, usimtafutie kafara
Kijana aliyepigwa KO mwezi uliopita, aliyeitwa juzi kwa simu kuziba pengo, si mpinzani. Ushindi wa namna hiyo unampamba nyota wako kwenye karatasi tu. Akikutana na bondia wa kweli, ataanguka na thamani yake. Heshimu muda wa kupumzika anaowekewa bondia aliyepigwa KO, soma vipimo vya afya vya pande zote mbili, na mwamuzi akisimamisha pambano, mshukuru hadharani hata kama ukumbi unazomea.

7. Ukishindwa yote haya, andaa bao
Pesa ya daktari, bima na gari la wagonjwa ikikosekana, ahirisha pambano na urudishe viingilio. Kisha andaa mashindano ya bao. Wachezaji watatukanana, kete zitagongwa, kahawa na kashata zitauzika, na kila mtu atarudi nyumbani akikumbuka majina ya watoto wake. Ukipata pesa ya kutosha, rudi ulingoni. Mabondia watakupigia simu wenyewe, kwa sababu kila bondia anapenda kufanya kazi na promota anayetaka kumwona akipigana tena mwakani.