Risala kwa Heshima ya Mavi

Zipo hafla ambazo mgeni rasmi husifiwa saa nzima kwa kukata utepe wa choo kipya cha shule, na yale ambayo choo kile kimejengwa kwa ajili yake hayatajwi hata mara moja. Leo nimeamua kusimama upande wa wasiotajwa. Nayasifu mavi: ya ndege, ya nyumbu, ya kiboko, ya ng'ombe, na msomaji akinivumilia, hata ya kwetu wenyewe. Aliyekuwa anakula huku anasoma aweke sahani pembeni, au aendelee tu. Kilichomo sahanini kimeshapita huko mara nyingi kuliko anavyopenda kufikiria.

Kwanza nasaba, maana sifa bila nasaba ni porojo. Mashariki ya Ziwa Manyara, jirani na barabara itokayo Arusha kwenda Babati, kuna kilima cha Minjingu. Zama ambazo ziwa lilikuwa pana kuliko lilivyo sasa, kilima hicho kilikuwa kisiwa, na minandi wakakifanya kwao. Walizamia samaki ziwani, wakarudi kisiwani kutaga, kulea na kunya, kizazi baada ya kizazi, mpaka kinyesi na miba ya samaki vikagandamana kuwa mwamba wa fosfeti. Leo mwamba unachimbwa, unasagwa, unatiwa kwenye mifuko na kuuzwa dukani. Mkulima anayetia kiganja cha Minjingu kwenye shimo la mahindi anatia mlo wa ndege aliyekufa kabla mahindi yenyewe hayajafika Afrika. Ukoo gani wa kifalme una hati ya kale namna hiyo?

Nataja fosfeti makusudi, kwa sababu hapo ndipo kilipo cheo cha mavi. Kaboni ikiungua hupaa hewani, na jani jingine huivuta tena. Naitrojeni imejaa angani, na bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya kunde na maharage wanajua kuikamata. Fosforasi, kiini cha fosfeti hiyo, haina ndugu hewani wa kuikopesha. Inatoka kwenye jiwe, inaingia kwenye udongo, kwenye jani, kwenye mfupa, na ikitaka kutoka mwilini bila kumsubiri mwenye mwili afe, njia kuu ni zile mbili tunazozionea haya. (Haki isemwe: mkojo wetu unabeba fungu kubwa la fosforasi, na kwa naitrojeni ndio mbeba mzigo mkuu. Utaandikiwa risala yake. Leo si zamu yake.)

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Kuhusu pua walisema kweli. Kuhusu udongo waliishia njiani. Kule Narok, nchini Kenya, wataalamu wa mambo ya kale walichimba mahali palipokuwa na maboma ya wafugaji kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita. Mchana mifugo ilitawanyika kulisha mbali, jioni ikarudi kulala, na usiku kucha ikashusha bomani ilichokusanya kutwa nzima. Wafugaji wakahama, ua ukaoza, majina yao yakasahaulika. Udongo wa pale hadi sasa una fosforasi na kalsiamu nyingi kuliko udongo wa kando yake. Nyasi zinastawi, wanyama wa porini wanapapenda, wanakuja kulisha na kuacha mavi mapya juu ya yale ya kale. Mnionyeshe mfalme ambaye ukarimu wake bado unamlisha swala baada ya miaka elfu tatu.

Kazi kubwa kuliko zote, hata hivyo, mavi yameifanya Serengeti, na humo binadamu naye alitia mkono bila kujua anatia mkono katika nini.

Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki. Ng'ombe waliteketea, wafugaji wakafa njaa, na nyumbu na mbogo wakaangushwa na ugonjwa uleule. Ugonjwa ulipopungua mifugoni haukuondoka. Kila mwaka uliendelea kuvuna ndama wa nyumbu. Sensa ya mwaka 1961 ilipata nyumbu kiasi cha 260,000 tu katika Serengeti yote. Miaka hiyohiyo maofisa mifugo walikuwa wanachanja ng'ombe wa vijiji vilivyozunguka hifadhi, na huko Muguga, Kenya, Walter Plowright akatengeneza chanjo bora iliyokuja kuifuta sotoka duniani. Ikatangazwa kutokomezwa mwaka 2011, ugonjwa wa pili baada ya ndui. Nyumbu hakuchanjwa hata mmoja. Lakini ng'ombe alipopona, nyumbu hakuwa na wa kumwambukiza, na kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamekaribia milioni 1.3.

Sasa fuata nyasi. Zamani, nyumbu wakiwa wachache, nyasi zilirefuka, zikakauka, zikashika moto kila kiangazi, na kaboni yake ikapaa na moshi. Miche ya miti iliungua kabla haijafika kiunoni. Nyumbu walipojaa, nyasi zilezile zikapata mteja mwingine. Moto na tumbo hugombea chakula kimoja: kilichopita tumboni hakiungui, kinaangukia ardhini kikiwa laini na kimeshasagwa, na wadudu wanakizika. Moto ukapungua, miti ikarudi, na watafiti walioandika mwaka 2009 walionyesha kwamba Serengeti iligeuka kutoka nchi inayotoa kaboni hewani ikawa nchi inayoiweka akiba. Sindano aliyochomwa ng'ombe wa mfugaji imepanda miti. Nasi leo tunafanya mikutano ya hali ya hewa, tunakunywa maji ya chupa, na mavi hayaalikwi hata kwenye kikao cha ufunguzi.

Mavi hayajiziki yenyewe. Wa kuyazika ni dundu yule anayeyafinyanga tonge, akageuka kichwa chini, akalisukuma kwa miguu ya nyuma mpaka mahali pake pa siri. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Marie Dacke wa Sweden walitoa habari zake. Walimchukua dundu wa Afrika Kusini wakati wa usiku usio na mwezi, wakamvisha kikofia cha karatasi asiione mbingu, akawa anazungukazunguka kama mlevi. Wakampeleka kwenye jumba la kuonyeshea nyota huko Johannesburg, wakawasha ule ukanda mweupe wa nyota nyingi, akanyoosha njia. Manahodha wa majahazi yetu walitazama nyota kupeleka boriti Ghuba na kurudi na tende. Yeye anazitazama kupeleka mavi, wala hana wimbo.

Australia ndiyo iliyolijua pengo lake. Wazungu walipeleka ng'ombe huko, lakini dundu wa kule walikuwa wamezoea vidonge vikavu vya kangaruu. Mavi ya ng'ombe yakalala juu ya malisho yakikauka, nyasi chini yake hazikuota, nzi wakazaliana humo mpaka ikawa balaa la nchi. Mtaalamu mmoja, George Bornemissza, akawashawishi wakubwa wake, na kuanzia mwaka 1968 wakaanza kuachia dundu wa kutoka nje, wengi wao Waafrika. Malighafi walikuwa nayo tele, walikosa wafanyakazi. Sisi tunao wafanyakazi, na tunawaua kwa uzembe: dawa za minyoo za jamii ya ivermectini hutoka na kinyesi cha ng'ombe, na funza wa dundu wanaolelewa humo hufa. Ng'ombe apewe dawa akiugua, sikatai. Kundi zima kunyweshwa kwa mazoea, mgonjwa na mzima, ni jambo jingine.

Najua msomaji makini amekwisha kuinua mkono. Je, na yale yanayoua? Yapo, na msifu mwaminifu hafichi aibu za anayemsifu.

Kiboko hulisha nchi kavu usiku na mchana hushinda majini, akinya huku anapunga mkia kutawanya, na aliyewahi kumwona hasahau. Katika mto Mara viboko zaidi ya 4,000 huingiza majini zaidi ya tani nane za majani yaliyosagwa nusunusu kila siku. Ndani yake mna silika, ile inayoufanya ukingo wa jani ukukate kidole. Kiasi cha kilo 400 za silikoni kwa siku, na vijimea vidogo vya majini vinavyojijengea magamba ya kioo hutegemea hiyo, na samaki hutegemea vijimea hivyo. Mto ukitiririka, hiyo ni karamu. Ukisimama, inageuka sumu.

Mto Ruaha Mkuu ulisimama. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, baada ya maji ya bonde la Usangu kuelekezwa kwa wingi kwenye mashamba ya mpunga. Viboko hawana pa kwenda, wanasongamana kwenye madimbwi yaliyobaki. Kinyesi kinajaa, bakteria wanaokiozesha wanamaliza hewa ya majini, na aina nyingi za samaki zinatoweka dimbwini humo. Mchele wa Mbarali, humohumo Usangu, ni mzuri, na mimi ni mlaji wake mzuri zaidi. Lakini kesi isipelekwe kwa asiyehusika: kiboko hakuongeza chochote, na mavi ni yaleyale ya babu yake. Maji ndiyo yaliyoondolewa.

Hapo ndipo tunapofika kwetu, na naomba uvumilivu niliouweka akiba mwanzoni.

Kila usiku malori yanaingia Dar es Salaam na mahindi ya Rukwa, viazi vya Njombe, ndizi za Rungwe. Yanarudi na nini? Na sabuni, mabati, na soda. Fosforasi ya Rukwa inabaki mjini, kwenye shimo la choo cha uani. Masika ikifika, na shimo limejaa, na hela ya gari la kunyonya majitaka haipo, watu wanangoja mvua kubwa ya usiku wafungue tundu: ndiyo kutapisha choo. Au wanaitwa vyura, vijana wanaoshuka shimoni na ndoo kwa ujira mdogo, nao wakipita barabarani mchana huwa tunavuka upande wa pili. Mzigo unakwenda mferejini, mto Msimbazi, baharini. Bandarini hapohapo meli inashusha mbolea ya kupeleka Rukwa. Kinachotoka kwa mlango wa nyuma bure tunakinunua mlango wa mbele kwa dola. Mwaka 2022 mfuko wa urea wa kilo 50 ulipopita shilingi laki moja, serikali ikalazimika kuleta ruzuku, na sikusikia aliyesimama bungeni kuuliza ile ya kwetu tunaipeleka wapi.

Simwambii mtu achukue ndoo akamwage bustanini. Mavi ya binadamu yanataka adabu: joto la kutosha au muda mrefu wa kuoza, la sivyo yanarudi na minyoo na kipindupindu. Lakini inawezekana kuyatibu, na Naivasha na Nairobi wapo wanaoyakusanya na kuyageuza kuni za kusindikwa au mbolea. Wanaochukia habari hizo nawaachia methali ya Waswahili wenyewe: mavi usiyoyala, wayawingiani kuku?

Wanaoyaheshimu kwelikweli hawaandiki makala. Nenda kwenye vihamba, mashamba ya Wachaga yanayozunguka nyumba, juu mlimani, ambako ng'ombe haendi malishoni. Malisho yanamfuata bandani. Nyasi zinapandishwa kichwani kutoka tambarare, na shina la mgomba uliokwisha kukatwa mkungu linakatwakatwa kwa panga, vipande vyeupe vyenye maji, akatafuna. Asubuhi mama mwenye nyumba anakokoa kwa jembe, mavi na mabaki ya nyasi pamoja, analundika kivulini na kufunika kwa majani ya mgomba. Ukilifunua lundo hilo kungali baridi linafuka mvuke. Likiiva linakuwa jeusi, linameguka, lina nyuzi nyeupe za kuvu, na harufu yake ni ya msitu baada ya mvua. Ndipo linatandazwa kuzunguka mgomba, bila kugusa shina. Mgomba unamlisha ng'ombe, ng'ombe anaulisha mgomba, na kahawa iliyo chini ya kivuli inapata chake.

Asiye na ng'ombe ananunua samadi kwa kenta kutoka kwa wafugaji wa chini. Ukitaka kuona mavi yakipewa heshima yake yote, simama pembeni gari hilo linapofika. Mama hatazami ukubwa wa mzigo. Anachota konzi moja, anaifinya, anaipasua kwa kidole gumba, ananusa. Ikipanda puani kwa ukali bado ni mbichi, itaunguza miche. Ikiwa chapwa, mvua imeshaikamua. Ikiwa nzito mkononi kupita kiasi, hapo pana maneno.

"Mdogo wangu, hii umechanganya udongo."

"Mama, ng'ombe halali kwenye zulia. Udongo kidogo haukosekani."

Wanavutana mpaka dereva anapunguza elfu kumi, mama anahesabu hela, na kabla dereva hajawasha gari anapewa ufagio apande tena juu, akakokoe iliyobaki kwenye pembe za bodi.