Ruaha Kwanza, Ziwa Baadaye

Mfyuuu! Kiangazi kikikaza, hapa kijiweni Mafinga hoja ni ileile: kama maji ya Ziwa Victoria yalifika Kahama na Shinyanga mwaka 2009, yakasogezwa hadi Tabora, sisi tunashindwaje kuvuta ya Ziwa Nyasa mpaka bonde la Usangu, tuuokoe Mto Ruaha Mkuu?

Sikilizeni, wakubwa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Tabora ni kama mita 1,200. Pampu za Ihelele zinayapandisha maji kilimani, kisha mengi yanateremka yenyewe. Ziwa Nyasa liko bondeni, mita 500 hivi. Usangu imevuka mita 1,000, na katikati imesimama milima ya Kipengere. Umeme wa kuyapandisha huko utatoka wapi, wakati mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yanautegemea Ruaha huuhuu tunaoulilia?

Tena maji ya Ruaha wenyewe tumeshayahamisha kwa mifereji, jamani. Nendeni Mbarali, huko Usangu, mwezi wa tisa mkajionee. Banio la zege, geti wazi. Mpunga ulishavunwa, majaruba yamebaki mabua, na mfereji bado unatiririka, unavuka njia ya ng'ombe, unaishia kwenye nyasi. Hapo ndipo panaponiuma. Mpunga siupingi hata kidogo. Umesomesha watoto wa watu Rujewa na Ubaruku. Ukiwa shambani, na unywe. Lakini mfereji huo unamwagilia nini?

Kuanzia 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wanabanana kwenye madimbwi yanayonuka. Mwaka 2006 wafugaji, waliolaumiwa kuukausha mto, wakaondolewa kwenye kinamasi cha Ihefu huko Usangu, na 2008 Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Watu walihama na mifugo yao, kwa machungu makubwa, na mto bado haukurudi kutiririka mwaka mzima. Basi mchawi hakuwa ng'ombe peke yake! Mabanio yalibaki palepale, yanakunywa.

Ndiyo maana nasema habari za ziwa zisubiri. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ofisi yake iko hapa hapa mkoani kwetu, Iringa mjini, na vibali vya kuchukua maji inatoa yenyewe. Tunaiomba ikague mabanio wakati wa kiangazi, kila kibali kisomwe pale pale mfereji unapoanzia. Nanyi wenzetu wa Mbarali, mkishavuna, fungeni geti. Huku chini kuna watu, kuna wanyama, na kuna Mtera.