Kiboko na Daftari la Ng'ambo

Wanyama wa Bonde la Kilombero walichoka kuambiwa kwamba bonde lao ni ghala la taifa na huku wao wanahesabu punje. Wakaitisha mkutano Kibaoni, chini ya mwembe. Kiboko akawa mwenyekiti, kwa kuwa akishakaa hakuna wa kumwinua. Sheshe akashika kalamu. Ajenda ilikuwa moja tu: Mpango wa Masika Matano.

Mtaalamu aliyealikwa ni Kozi, yule mdogo wa miguu myekundu, anayezaliana pande za mto Amur na Korea na kupita kwetu kila mwaka akielekea kusini.

"Hebu tueleze, mgeni wetu," akasema Sheshe. "Wakorea walifanyaje?"

Kozi akasugua mdomo tawini. "Alikuwako mtoto wa mkulima, Chung Ju-yung. Alichukua kwa siri fedha za ng'ombe aliyeuzwa na baba yake, akatorokea Seoul. Mwaka 1947 akaanzisha kampuni ya ujenzi, Hyundai. Mwaka 1961 Jenerali Park Chung-hee akapindua serikali, na mwaka uliofuata ukaanza mpango wa miaka mitano. Benki akazitia mkononi. Mwenye kampuni aliyemkubali alipewa mkopo wa riba nafuu…"

"Mkopo!" Kiboko akafumbua macho. "Sheshe, andika hapo." Kisha akasinzia tena.

"…kwa sharti la kuuza nje. Kila mwezi jenerali alikaa kikao na wenye kampuni: umeuza kiasi gani ng'ambo? Aliyetimiza aliongezewa. Aliyeshindwa alikatiwa maji. Hyundai ikajenga sehemu kubwa ya barabara ya Seoul hadi Busan, kilomita 428, iliyokamilika 1970. Ikaingia kwenye magari, ikaunda meli kule Ulsan. Hizo treni za umeme zinazotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma tangu 2024, nazo ni za Hyundai Rotem."

Sauti ndogo ikatoka chini ya mizizi. Ni Siafu. "Na udongo, nani aliubeba?"

Kozi akanyamaza kidogo. "Wenzako. Mwaka huohuo wa 1970 fundi cherehani kijana, Jeon Tae-il, alijichoma moto Seoul akidai sheria ya kazi ifuatwe. Daftari la mauzo jenerali alikuwa nalo. La jasho hakuwa nalo."

Ng'ombe mmoja mzee wa Mngeta akakohoa. "Wakorea tunawajua, wajukuu zangu. Miaka ya 1980 walikuja kulima nasi mpunga, wakishirikiana na serikali. Ndiyo KOTACO."

"Hao ni wa Kaskazini, babu," Kozi akasema.

"Hata wao walikuwa na mpango. Wakaondoka."

"Niandike?" Sheshe akauliza.

"Acha," akanguruma Kiboko. "Hayo ni ya kale."

Mkutano ukapitisha kwa kauli moja kwamba Hyundai ya bonde awe Kiboko mwenyewe, maana umbo analo tayari. Akapewa mbegu zote za ghala, mbuga nzima ya kando ya mto, na kibao. Kibaoni hatujawahi kukosa vibao. Hiki kilipakwa rangi kabla punje ya kwanza haijagusa udongo: MNYAMA MMOJA MKUBWA KWA MANUFAA YA WOTE.

Masika ya kwanza Kiboko alikula mbegu, akasema hizo ni gharama za kuanzia. Ya pili akaomba nyingine, akapewa, kwani mdaiwa mkubwa akizama huzama na ghala. Ya tatu, Panya Buku alikamatwa darajani akivusha gunia lake la mpunga akauze upande wa pili. Mkopo hakuwa nao, hata kibao hakuwa nacho. Akatozwa faini kwa kosa la kuuza ng'ambo nje ya Mpango. Ya nne kukawa na mafuriko, na kila lililokosekana likasemwa limekwenda na maji.

Masika ya tano Kozi akatua mwembeni. Kiboko alikuwa amenona hadi shingo imepotea.

"Unaona nilivyokua?" akasema. "Hyundai tupu!"

"Naona. Nipatie daftari la ng'ambo."

Sheshe akamtazama Ngedere, mtunza nyaraka. Ngedere akatazama juu. Ikabainika kwamba alikwisha kuliuza kwa kilo, kwa mkaanga samaki wa stendi. Siafu wakaenda, wakarudi wakiburuta ukurasa mmoja walioukuta kwenye makombo. Mistari yake ilipigwa kwa rula, mahali pa sahihi palikuwepo, na juu ya safu pameandikwa kwa mwandiko mzuri: KILICHOUZWA. Chini yake hapakuwa na tarakimu hata moja, ila doa pana la mafuta ya kambale.

Kiboko akaliinamia lile doa, akalinusa kwa muda mrefu.

"Sheshe," akasema, "andika kwamba mauzo yameanza."