Fuso Halipigi Stata: Mwongozo kwa Tajiri wa Mtunda

Kwanza kabisa, tajiri, gari lisizimwe. Hii ndiyo dawa kongwe ya stata mbovu kuanzia Mtunda hadi Kibiti mjini, na haihitaji hata spana. Fuso likishawaka alfajiri, liache lingurume. Likipakia mpunga, lingurume. Dereva akinywa chai, lingurume. Ijumaa liegeshwe karibu na msikiti, lingurume mpaka imamu apandishe sauti. Pesa ya dizeli itakayoungua msimu mmoja wa korosho ingetosha kununua stata, lakini stata inalipiwa kwa mkupuo na dizeli inalipiwa kidogo kidogo, na wewe pesa ya kidogo kidogo huwa huihesabu.

Ikitokea mtu asiyejua desturi kalizima, tafuta mteremko. Hapa wenzetu wa Lushoto wametuzidi. Wao wanalaza lori juu ya kilima, asubuhi dereva anaachia breki, gari linawaka kabla ya kona ya kwanza. Sisi ukishashuka bondeni ni tambarare, na Rufiji yenyewe inafika baharini kwa kusitasita. Kimebaki kilima kimoja tu, tuta la barabara. Jioni dereva analipandisha gari hapo, utingo anaweka jiwe kwenye tairi la nyuma, na wote wanalala vibaya. Jambo moja tu wasilisahau: breki za upepo zinajazwa na injini. Gari lililolala hadi asubuhi huenda upepo wote umevuja, nalo litagoma kutoka. Au litatoka, kisha ligome kusimama.

Tuta likishindikana, ita vijana. Dizeli ya kizamani ina hisani yake: haidai plagi za cheche. Mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, kwa hiyo anayeizungusha injini hata awe nani, itawaka. Mwaka 1912 Cadillac ya Marekani ilitoka na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na wenye magari wakaanza kuachana na hendeli. Mtunda tumeendelea zaidi, tumeziacha hendeli na stata tukachukua timu ya mpira. Waite kabla ya mechi, usiwaite baada. Dereva aingize gia ya pili au ya tatu, akanyage klachi, asubiri gari lichanganye, ndipo aachie. Masika usijisumbue, udongo wa bondeni ukilowa, wanaosukuma ndio wanaosogea, gari linabaki palepale.

Baada ya hapo inakuja nyundo. Utingo anaingia uvunguni, dereva anashika funguo, na stata inagongwa mgongoni. Ajabu ni kwamba mara nyingi inaitika! Lakini hapo nyundo haijatibu kitu, imetoa majibu ya maabara: kaboni zimeisha. Zikilika mpaka springi haizifikishi tena kwenye amecha, kipigo kinazirudisha mahali pake kwa siku chache. Kaboni ni vipande vidogo na bei yake ni ndogo kuliko soda ulizowanunulia wachezaji, ila wewe utaendelea kutembea na nyundo.

Ukichoka na hayo yote, basi fanya jambo la ajabu kabisa, sikiliza. Stata inasema inachoumwa. Ikitoa "tiktiktiktik" ya harakaharaka, umeme ni haba: betri zimechoka au viungo vimelegea. Ikitoa "tak" moja kubwa na kunyamaza, tazama otomatiki, kile kikopo kilichopanda mgongoni mwa stata, au hizo kaboni, au nati ya waya mnene. Ikizunguka "vuuu" kwa raha zake na injini isijue lolote, bendeksi haishiki. Ikisaga kama kinu cha chuma, meno ya fulaiwili yameliwa, na hapo giaboksi itashuka. Anza kuongea na mke wako mapema. Ikivuta kwa unyonge, nyoo… nyoo…, usikimbilie kuihukumu.

Ipime kwanza: usiku wa leo washa taa kubwa, piga stata, na dogo asimame mbele atazame. Taa zikififia mpaka kuzimika, tatizo liko kwenye betri au njia ya umeme. Zikibaki kali na stata kimya, umeme upo ila haufiki au haupokelewi. Mwenye mita apime: betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6, na wakati wa kupiga stata isishuke sana chini ya 9.6.

Fuso linatumia mbili kwa mfuatano kupata volti 24, na hapo ndipo mikono ya watu inapoharibu. Redio ni ya volti 12, singeli lazima ipigwe, basi fundi wa njiani anachomeka waya kwenye betri moja tu. Hiyo inanyonywa kutwa, mwenzake anashiba kupita kiasi, na baada ya muda zote mbili ni wagonjwa, kila moja kwa ugonjwa wake. Tajiri naye ananunua betri moja mpya, aiunge na kongwe. Kongwe inamzeesha bibi harusi.

Sasa nikwambie mshitakiwa ninayemshuku mimi kila mara, na ambaye hakamatwi: waya wa hasi, ule mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chesisi, na ndugu yake anayetoka kwenye chesisi kwenda kwenye injini. Gari linalokwenda Nyamisati kupokea samaki na kamba wenye barafu linadondokewa na maji ya chumvi safari nzima. Kwa nje waya unang'aa, umevishwa mpira. Ukiuchana, ndani nyaya zimekuwa unga wa kijani. Taa zinawaka vizuri kwa sababu zinataka umeme kidogo. Stata inataka mamia ya ampea, na unga haupitishi mamia. Ushahidi ni rahisi: chukua waya wa kushtulia betri, shika kichwa cha hasi upande mmoja na chuma kitupu cha injini upande wa pili. Piga stata; gari likiwaka, stata yako haina kosa.

Kama gari lilisimama majini wakati wa mafuriko ya 2024 yaliyoingia Rufiji na Kibiti, na stata haijafunguliwa tangu siku hiyo, ifungue. Tope na vumbi la kaboni vimejenga humo, na bushi zimelika, amecha inakwaruza kuta.

Na ile sarakasi ya kuunganisha vichwa vya stata kwa spana, hapo mzaha naweka pembeni. Gari likiwa kwenye gia litaruka mbele na kumpitia aliye uvunguni. Gia huru, mawe kwenye tairi, au acheni kabisa. Stata isipigwe zaidi ya sekunde kumi na kitu mfululizo. Ipumzike, maana inaungua kwa joto lake yenyewe.

Kabla hujamtuma dereva Gerezani, Dar es Salaam, na pesa ya stata, mpe utingo msasa, brashi ya waya na nusu siku. Afungue vichwa vya betri, akianza na hasi, asugue mpaka chuma kionekane, abadilishe waya ulioliwa, apake grisi, akaze. Akikwambia, "Bosi, linapiga," mlipe siku hiyohiyo.