Sifa za Vinundu vya Forosadi

Wafalme wamesifiwa hata sifa zimewachosha, na majahazi kadhalika, na farasi, na macho ya wapenzi. Lakini sijamwona bado mtu aliyekaa kitako na kalamu yake akausifu ule mfumo wa sufu ambao wafumaji aghalabu huutaja kwa kusaga meno, wenye vinundu vilivyosongamana kama forosadi mbivu, ambao baadhi ya Waingereza, kwa kuwa humo kitanzi kimoja huzaa vitatu na vitatu hurejea kuwa kimoja, wameupa jina adhimu la Utatu. Dhuluma hii imedumu vya kutosha.

Siri yake yote haizidi safu nne. Ya kwanza na ya tatu, ambazo ndizo za uso wa nguo, hufumwa uzi ukiwa mbele ya sindano toka mwanzo hata mwisho, wala hazina fitina. Fitina imefanya maskani katika safu ya pili na ya nne, zinazofumwa kwa upande wa mgongo: hapo mfumaji hutia sindano katika kitanzi kimoja, akafuma uzi ukiwa nyuma, asikiachie, akafuma uzi ukiwa mbele, asikiachie bado, akafuma tena uzi ukiwa nyuma, ndipo akiachie kikiwa kimekuwa vitatu, kisha huvikamata vitatu vinavyofuata kwa pamoja, akavifunga kuwa kimoja, akaendelea hivyo mpaka mwisho. Ifikapo safu ya nne hukumu hupinduliwa, wenye vitatu wakanyang'anywa, na mwenye kimoja akatajirishwa; ndiyo maana vinundu hupishana, kisikae kimoja juu ya kichwa cha mwenzake.

Ni ipi basi serikali, au ni ipi hazina ya chama cha mazishi, yenye insafu kama hii? Kiasi kilichoongezwa ndicho kiasi kilichopunguzwa, na idadi ya vitanzi iliyofungua safu ndiyo iifungayo. Aliyesahau kuzalisha hupungukiwa na viwili, aliyesahau kukusanya huzidiwa na viwili, na habari hiyo haimfikii palepale alipokosea, jambo ambalo lingekuwa utovu wa adabu, bali humngoja kwa utulivu ukingoni mwa safu, baada ya yeye kwisha kujipongeza.

Tena mfumo huu hauwapendi wenye takaburi, maana kazi yake nzito yote hutendeka mgongoni, na mfumaji, akiwa katikati ya taabu, huona upande usio na sura, ilhali uzuri umewaelekea wale waliokaa mkabala naye ambao hawakushika hata sindano. Wala hauwapendi wenye hasira. Mkono uliokazwa kwa ghadhabu huukaza uzi, na vitanzi vitatu vilivyokazwa havikubali kuingiwa na sindano kwa pamoja, hata kwa viapo. Hulegea kwa yule tu aliyekwisha kulegea mwenyewe.

Lakini fadhila yake kubwa, kwa rai yangu, ni kunyamazisha. Ufumaji wa kawaida ni sahibu mkubwa wa umbea: vidole huenda vyenyewe, na ulimi ukabaki huru kuzunguka mtaa mzima, nyumba hata nyumba, bila ya kupiga hodi. Watie wasemaji hao katika safu ya pili ya vinundu, na majirani watapata alasiri ya amani ambayo hawajaijua tangu wahamie.

Wapo wanaoushutumu kwa kuwa hausamehe. Ni kweli kwamba katika mfumo wa kawaida kitanzi kilichoponyoka huopolewa kwa sindano ya kulabu, kikapandishwa ngazi kwa ngazi hata juu, na hapa, kwa jinsi vitanzi vilivyokwisha kuoana na kuachana, dawa ya salama ni kufumua safu nzima. Walakini fikirini faida ya mwenye duka la nyuzi! Vinundu huivuta nguo ikajikunja, hata upana uleule hudai vitanzi vingi kuliko mfumo wa kawaida, na sufu huliwa kwa ukarimu mkubwa.

Visiwani Aran, magharibi ya Ireland, vinundu hivi hujazwa baina ya misuko ya sweta nene za huko, na watalii husimuliwa kwamba kila ukoo ulikuwa na mapambo yake, ili mvuvi aliyezama atambulikane. Hadithi ni tamu, ila wachunguzi huielekeza asili yake kwenye tamthilia ya John Millington Synge, iliyochezwa Dublin mwaka 1904, ambamo dada humtambua nduguye aliyezama kwa soksi yake. Na tazameni, hamtambui kwa nakshi, bali kwa hesabu ya vitanzi na kwa vinne alivyoviponyosha mwenyewe alipoifuma.

Msomaji wa Unguja au Mombasa atauliza sufu inamhusu nini katika joto hili. Na aingie nyumba yoyote yenye mtoto mchanga, aone kichwa kilivyovikwa kofia ya sufu adhuhuri, bibi amesimama kando kuhakikisha haivuliwi. Lushoto na Njombe hawana haja ya kuulizwa.

Basi anayetaka kuanza na achukue uzi wa rangi nyeupe au ya maziwa, kwani mweusi huficha makosa hata kwa mwenyewe. Achague sindano zenye ncha kali. Aanze na vitanzi vinavyogawanyika kwa nne, aongeze viwili vya kingo, mathalani 26. Na akiulizwa na mama mjamzito kofia itakuwa tayari lini, asitaje mwezi.