Namna ya Kuhamia Litungu Bila Kuaga

Kama bendi yenu imelia mapenzi mpaka mashabiki wa Tarime mjini wanamalizia ubeti kabla mwimbaji hajafungua mdomo, wakati wa kuhama umefika. Msiogope. Wenzenu wamepita njia hii. Kule Indiana, Marekani, kulikuwa na vijana walioitwa Split Lip, wapigaji wa emo, ule muziki wa magitaa makali na mwimbaji anayepiga kelele za kuachwa. Wakajiita Chamberlain, wakarekodi upya sauti ya mwimbaji juu ya albamu yao ya 1995, wakaitoa mara ya pili. Ilipofika 1998 walikuwa na The Moon My Saddle, albamu iliyoegemea kantri tangu jina lake. Walihama na huzuni yao nzima nzima. Nanyi hameni hivyo hivyo, mpaka kwenye kantri inayokwenda kwa mwendo wa litungu, ala ya nyuzi ya Wakurya.

1. Msitunge kitu kipya. Chukueni wimbo wenu unaoliza watu kuliko yote, mtoeni msichana, wekeni ng'ombe. Tarime hii, kijana ambaye ng'ombe wameibwa usiku amepoteza mahari, na aliyepoteza mahari amepoteza harusi. Kwa hiyo msichana bado yumo humo humo, ila sasa hata baba mkwe anaweza kuusikiliza wimbo bila kukasirika. Mkienda Mugumu, wilaya ya Serengeti, ng'ombe ampishe tembo. Wanaolima jirani na hifadhi wanajua maana ya kulala na shamba la mahindi na kuamka na mabua, na ni wachache mno waliowaimbia juu ya hilo kwa gitaa. Upande wa Nyamongo imbeni kaka aliyefuata dhahabu akaacha kupiga simu. Beti tatu, wilaya mbili, machozi yale yale. Na hapa nasema kwa moyo wote: mada hizi ni nzito kuliko penzi lenu la kidato cha nne, na zimesubiri bendi yenye vipaza sauti kwa muda mrefu.

2. Jipatieni ukoo. Lazima mtu atasimama aseme kantri ni ya wazungu. Mwacheni amalize, kisha mpelekeni Kapkatet, upande wa Kericho, mwaka 1950. Hapo mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha. Huyo Chemirocha ni Jimmie Rodgers, Mmarekani anayeitwa baba wa kantri. Sauti yake ilifika kwa santuri, Wakipsigis wakalitamka jina lake kwa namna yao, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu mnyama wa porini, wakamwimbia kwa ala ya nyuzi ambayo ni ndugu wa litungu. Rodgers mwenyewe alikufa 1933, wala hakuwahi kujua kwamba ana jamaa huku. Yaani kantri na nyuzi zetu walishaoana kabla baba zenu hawajazaliwa. Lisemeni hilo jukwaani kila shoo, polepole, kana kwamba mmeambiwa na babu.

3. Msijifunze litungu. Litawachukua miaka, na nyinyi mna shoo Jumamosi. Lina nyuzi nane, kila uzi una sauti yake, na mpigaji habani uzi kutafuta sauti nyingine kama afanyavyo mpiga gitaa. Uzuri wake uko katika kuzunguka: kipande kifupi kinarudi, kinarudi tena, mpaka mwili unakubali. Basi mpiga besi achague noti nne au tano za chini, azizungushe dakika saba, na yeyote atakayemshawishi apambe anyang'anywe waya. Mpiga solo anyamaze nusu ya wimbo. Ni adhabu kwake, lakini mtamwambia kwamba ukimya ndio unamfanya aonekane mkomavu. Mashine ya ngoma izimeni. Wachezaji wa litungu huvaa viatu virefu vya mbao. Tafuteni jozi mbili, wekeni maikrofoni karibu na sakafu, na mtakuwa na mdundo ambao hakuna studio ya Dar es Salaam inayoweza kuwauzia.

4. Lugha: Kikurya kiitikio tu, beti ziwe Kiswahili. Bibi wa mmoja wenu asikilize kwanza, maana akicheka pasipostahili mmeokoa jina la bendi. Msihofu kutoeleweka. Saida Karoli aliimba Kihaya mwaka 2001 na nchi nzima ikacheza. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny wakaurudia wimbo wake kwa jina la Salome, nchi ikacheza tena. Ila Serengeti kuna Waikoma, Wangoreme, Wanata, Waisenye na Wasukuma pia. Kiitikio cha Mugumu ombeni kwao.

5. Anzieni ng'ambo. Vukeni mpaka wa Sirari. Upande wa Kenya kuna watu waliokua na Jim Reeves na Kenny Rogers redioni, na wana Sir Elvis wao anayeimba kantri hadharani bila kumwomba mtu radhi. Hao hamna haja ya kuwaelezea gitaa la polepole. Pigeni kule mara kadhaa, kisha rudini Tarime na bango lililoandikwa "kutoka Kenya". Si uongo, mtakuwa mmetoka huko. Ayub Ogada aliichukua nyatiti yake, ndugu mwingine wa litungu, akatoka Nairobi alikokuwa na African Heritage Band, akaenda kuipiga kwenye mitaa ya London. Mwaka 1993 albamu yake En Mana Kuoyo ikatoka kwa lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel. Yeye alivuka bahari. Nyinyi nauli ya daladala inatosha.

6. Siku ya kurekodi, mtafuteni mzee anayelipiga litungu kweli. Njia zote za mkato nilizowapa zinaishia kwenye kiti chake. Besi yenu itadanganya watu wa shoo waliochangamka, haitadanganya spika ya mtu aliyekaa peke yake nyumbani. Msimwite kwa "njoo mzee utusaidie kidogo". Nendeni kwake na sukari, mwambieni kiasi kabla hajakaza nyuzi, na kiwe sawa na mnachomlipa prodyuza. Jina lake liandikwe juu ya jalada, si nyuma kwa maandishi ya sisimizi. Kwenye picha yeye akae katikati, nyinyi simameni pembeni mmeinama kidogo kama wanafunzi. Mtapendeza kuliko mnavyodhani. Na wimbo ukianza kuingiza hela, mgao wake utoke kwanza, kabla hamjanunua kofia za kantri.